Pumzi ya alfajiri: kisa cha suka mmoja wa Hiace za Muheza

Alipimwa saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, karibu na Pongwe, gari likitoka Tanga mjini kwenda Muheza. Ndani walikuwamo walimu wawili, mama wa samaki na ndoo zake tatu, wanafunzi, na mzee mmoja aliyekuwa anawahi hospitali. Trafiki alimsimamisha kwa ukaguzi wa kila siku, akasogea dirishani kuomba leseni, akasita, kisha akarudi na kipimo. Suka akapuliza. Kikasoma kiasi kinacholingana na gramu 0.11 za kilevi katika kila mililita 100 za damu. Ukomo wa Sheria ya Usalama Barabarani ni 0.08.

Nitamwita Suka tu, kama makonda wanavyowaita madereva wote. Mambo madogomadogo nimeyabadilisha ili asitambulike, na yeye mwenyewe amenisikiliza nikimsomea maandishi haya mpaka mwisho, akaridhia yatoke. Mimi ni mtu wa ustawi wa jamii hapa Tanga. Nimo ndani ya kisa hiki kwa sababu mahojiano niliyofanya naye ndiyo yaliyoingia kwenye ripoti aliyoisoma hakimu, na mahojiano yale niliyafanya vibaya. Mengi yaliyofuata yalitokana na swali moja ambalo sikumuuliza.

Chupa sita, saa kumi

Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa hili: "Dada, mie asubuhi sikunywa. Nilikunywa jana yake, nikalala, nikaoga, nikanywa chai." Alilisema kwa uchungu wa mtu aliyeonewa. Si yeye peke yake. Madereva wengi niliozungumza nao hapa wanaamini kwamba usingizi unafuta pombe, na kwamba mlevi wa barabarani ni yule anayetoka baa usiku akiyumba. Alfajiri hawaihesabu kabisa.

Nikamfanyia hesabu mezani kwa penseli. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi chenyewe. Kwa mwanamume wa kilo 70, chupa hiyo moja hupandisha kiwango katika damu kwa karibu 0.04. Ini nalo hukishusha kwa karibu 0.015 kila saa, na mwendo huo hauharakishwi na kahawa chungu, wala ndimu, wala supu ya pweza, wala ndoo ya maji baridi. Miili inatofautiana, lakini si kwa kiasi cha kumwokoa mtu. Anayeanza saa mbili usiku akamaliza chupa sita amejitwika karibu 0.25. Ikifika saa kumi na mbili asubuhi zimepita saa kumi, na ini limeondoa 0.15. Amebaki na 0.10. Ameoga, ananukia sabuni, anajiona mzima, na ameshika usukani.

Aliitazama ile karatasi muda mrefu. Kisha akaniomba aichukue akawaonyeshe wenzake stendi. Baadaye nilikuja kusikia kwamba ilizunguka kijiweni mpaka ikachakaa kwenye mikunjo. Mafunzo mengi ya madereva niliyowahi kuhudhuria hayakuacha alama kama karatasi ile.

Lakini hesabu hiyohiyo ilinipumbaza mimi. Suka alisema alikunywa chupa sita usiku ule kwa sababu kulikuwa na sherehe, nami nikapiga hesabu, ikatoka 0.10, na kipimo cha trafiki kilisema 0.11. Maneno yake yalikaa juu ya namba bila mwanya. Nikaridhika. Sikufikiri kwamba namba moja inaweza kufikiwa kwa njia mbili.

Swali la sita

Lilikuwa kosa lake la pili. Mara ya kwanza, miaka miwili nyuma, alitozwa faini. Tajiri wa gari aliilipa, akawa anaikata kidogokidogo kwenye posho yake, na baada ya miezi michache mambo yakaisha. Nilipomuuliza faini ile ilimfundisha nini, alijibu kwa unyoofu kwamba ilimfundisha kutafuna karafuu kabla ya kuanza safari.

Safari hii hakimu hakutaka kutoza tu na kumwachia. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu, kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, mtu apewe kazi ya kuitumikia jamii badala ya kwenda jela. Iko pia sheria ya zamani zaidi ya majaribio, sura ya 247, inayomweka mkosaji chini ya uangalizi wa afisa probesheni. Kabla ya kuchagua, mahakama inahitaji kumjua mtu: anaishi na nani, anafanya kazi gani, ana tabia gani, kosa limetokana na nini. Ndipo nilipoombwa nizungumze naye.

Nilikaa naye dakika arobaini. Nikamuuliza anakunywa mara ngapi, akasema wikendi, tena kukiwa na shughuli. Nikamuuliza kiasi gani, akasema bia mbili tatu, siku ile tu ndiyo ilizidi. Nikaandika: mnywaji wa kawaida, anaitunza familia yake, anajutia kosa. Kuna jambo nililiona kwa macho yangu na sikulielewa. Nilipomkaribisha chai aliipokea kwa mikono miwili, akaishikilia kwa mikono miwili, na hakuinua kikombe mpaka nilipogeuka kuchukua faili. Nikadhani ni adabu.

Kwenye droo yangu kulikuwa na dodoso la Shirika la Afya Duniani linaloitwa AUDIT. Lina maswali kumi, na alama zake ni kuanzia 0 hadi 40. Anayefikisha 8 unywaji wake umeanza kuwa wa hatari. Anayefikisha 20 anapaswa kuchunguzwa kama mwili wake umeshakuwa mtumwa wa pombe. Si karatasi ya kizungu iliyotuangukia kutoka mbali. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi sita ambako dodoso hili lilijaribiwa tangu linatungwa, na hapa kwetu limetafsiriwa kwa Kiswahili na kupimwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa majeruhi wanaofikishwa idara ya dharura. Huko Moshi wauguzi wamefika mbali zaidi: wana mazungumzo mafupi ya kitanda kwa kitanda waliyoyapa jina la Punguza Pombe kwa Afya Yako, kwa mtu aliyelazwa na jeraha lake bado bichi.

Swali la sita la dodoso linauliza, kwa maneno ya kawaida: katika mwaka uliopita, ni mara ngapi umehitaji kunywa asubuhi ili uweze kuianza siku baada ya kunywa sana jana yake? Ndilo swali ambalo sikumuuliza. Niliona haya. Yeye ni mtu wa swala, mkewe anafundisha watoto wa mtaani Kurani, na mimi nikajiambia kwamba kumuuliza mtu kama huyo kuhusu pombe ya asubuhi ni kumvunjia heshima. Katika mji kama wetu mlevi anajificha, na sisi tunaopaswa kumwona tunamsaidia kujificha kwa jina la stara.

Hakimu akaamua kulingana na alichosoma. Leseni ilifungiwa miezi sita, na Suka akapewa kazi ya kufyeka na kufagia katika eneo la umma siku tatu kwa wiki. Ilikuwa amri njema kwa mtu niliyemweleza kwenye ripoti. Mtu huyo hakuwepo.

Siku ya tatu

Kilichotaka kumuua Suka ni nia njema. Alitoka mahakamani ameapa hatagusa tena. Alifika nyumbani, akamwita mkewe, akamwaga kilichokuwamo ndani ya nyumba mbele yake, akalala. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumanne asubuhi mikono ilikuwa inatetemeka hadi hawezi kufunga vifungo vya shati. Anatoka jasho, anatapika, moyo unakimbia. Jumatano alianguka uani akakakamaa, povu mdomoni, kama mtu wa kifafa, na hajawahi kuwa na kifafa maisha yake. Alhamisi usiku alikuwa anapangusa siafu kwenye chandarua, siafu ambao hakuna mwingine aliyewaona, na anazungumza na baba yake aliyefariki zamani.

Majirani walisema kapandisha. Sitawabeza, mtu anayezungumza na maiti usiku wa manane anatisha, na kila jamii ina jina lake la jambo hilo. Mwalimu wa madrasa aliitwa, akasoma, akamwekea mkono kwenye paji la uso, akaukuta moto. Alisema neno ambalo ninamshukuru nalo hadi leo: "Kisomo tutaendelea nacho, lakini huyu mpelekeni hospitali sasa hivi." Wakati huohuo shemeji yake alikuwa kwenye simu na nyumba moja ya soba, wanakosaidiwa waraibu kuacha, anaomba nafasi. Kijana wa upande wa pili, yeye mwenyewe aliyewahi kutumia unga wa kulevya, aliuliza swali moja tu: anatumia unga au pombe? Alipojibiwa pombe, na kwamba ameanza kuona vitu, akasema: "Usimlete kwangu kaka, atafia mikononi mwangu. Mpeleke hospitali."

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo watu wa pwani tunapokosea. Tanga na Bagamoyo tumeishi na unga miaka mingi. Tunaijua arosto: maumivu ya mifupa, kuharisha, kamasi, kukosa usingizi. Tumezoea kuona kijana anafungiwa siku kadhaa, anapiga kelele, kisha anatoka amepona. Kwa hiyo tunadhani kila uraibu unaachwa hivyo, kwa kufunga mlango na kuvumilia. Arosto ya unga inatesa vibaya lakini mara chache humuua mtu mzima mwenye mwili wa wastani. Pombe ni kinyume chake. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi akiikata ghafla, mtetemeko huanza ndani ya saa chache, degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona yasiyokuwepo, joto na mapigo ya moyo yakapanda hadi akafa. Mwili wake ulishajipanga upya kuishi na kilevi, kama gari lililopakia mzigo kupita kiasi likakazwa springi. Ukiushusha mzigo wote kwa mkupuo, gari linaruka.

Ndiyo maana mahabusu, jela, hata chumba cha ndani nyumbani, vinaweza kuwa mahali pa hatari kwa mtu wa aina hii, ilhali wote waliomzunguka wanafurahi kwamba hatimaye amezuiwa kunywa.

Hospitali walimpa dawa ya kutuliza mishipa ya fahamu kwa vipimo vinavyopunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1 kabla ya kumtundikia dripu ya sukari, kwa sababu sukari ikitangulia katika mwili uliokaukiwa na vitamini hiyo inaweza kuudhuru ubongo moja kwa moja. Muuguzi aliyempokea alimgeukia mkewe na swali lake la kwanza likawa: "Dada, asubuhi huwa anakunywa?" Mke akaangalia sakafu. Kisha akasema yote. Kila siku saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kufuata gari, Suka alikuwa anakunywa nusu glasi ya gongo iliyowekwa kwenye chupa ya maji nyuma ya mtungi. Yeye aliita kuzimua. Vijana wanasema kutoa loki. Alianzia kwenye viroba, siku zile vinauzwa kila duka. Viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017, akahamia kwenye gongo.

Nilimtembelea siku ya tano. Alikuwa amekonda usoni lakini macho yametulia. Hakunilaumu. Aliniambia hivi, na nimeyabeba maneno haya: "Dada, wewe uliniuliza nakunywa mara ngapi. Hukuniuliza nisipokunywa inakuwaje. Mie nisipozimua, ufunguo hauingii kwenye swichi."

Alimaanisha ufunguo wa gari. Mkono ulitetemeka hadi akawa anakwaruza pembeni ya tundu. Alikunywa ili aweze kuliwasha gari lililokuwa linasubiriwa na walimu na mama wa samaki.

Tulipomfanyia dodoso baadaye, kwa utulivu, mkewe akiwepo kwa ridhaa yake, alipata alama 27.

Walichofanya wengine, na tulichokifanya sisi

Jambo lilirudishwa kwa hakimu, likaelezwa lilivyo, na amri ikabadilishwa kuwa ya uangalizi wa mwaka mmoja yenye masharti. Nilisimama nikaeleza kosa la ripoti yangu. Hakimu alisikiliza, kisha akauliza swali la haki kabisa: mnataka nimpeleke wapi? Hakukuwa na kozi ya kumpeleka. Ilibidi tuishone wenyewe.

Nilitafuta nchi nyingine zinafanyaje. Uingereza walianza kwa majaribio mwaka 1993, na kuanzia 2000 wakaeneza nchi nzima, kozi ya madereva waliohukumiwa kwa ulevi. Mtu aliyefungiwa leseni miezi 12 au zaidi anaweza kupewa nafasi hiyo na mahakama. Anajilipia, anahudhuria saa 16 zilizogawanywa kwa siku zisizopungua tatu, na akimaliza anapunguziwa hadi robo ya muda wa kufungiwa. Ni mpango mzuri kwa mtu asiyejua ile hesabu ya saa kumi. Kwa Suka usingesaidia kitu, kwa sababu saa 16 darasani bila pombe zingetosha tu kumwanzishia mtetemeko. Na nasema wazi kwamba kwa dereva wa abiria mimi sitaki muda wa kufungiwa upunguzwe hata kwa siku moja. Wale walimu na yule mzee hawakupewa punguzo la hatari walipopanda.

Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 215 kuhusu mipango ya aina hii. Kwa wastani, waliopitia marekebisho walipungua kurudia kosa kwa asilimia 7 hadi 9 kuliko wale ambao hawakupata kitu. Ni kidogo, na si ajabu. Wastani huo unachanganya mnywaji wa sherehe na mtu wa nusu glasi ya alfajiri, mmoja amepewa dawa asiyoihitaji na mwingine amepewa nusu ya anayoihitaji. Palipofanya vizuri zaidi ni pale palipounganishwa elimu, ushauri wa mtu na mtu, na ufuatiliaji wa muda mrefu chini ya uangalizi.

Nililovutiwa nalo zaidi ni la jimbo la South Dakota, hukohuko Marekani. Tangu 2005, wanaorudia kosa hili wanatakiwa kwenda kupuliza kipimo mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Ukikutwa na pombe, unalala ndani usiku mmoja au mbili, leo hii, si baada ya miezi sita ya kesi. Utafiti uliotoka 2013 ulikuta kwamba wilaya zilizotumia utaratibu huo zilipungukiwa na ukamatwaji wa wanaorudia kosa kwa asilimia 12, na ukamatwaji wa ukatili wa majumbani kwa asilimia 9. Namba hiyo ya pili nilimsomea mke wa Suka. Hakusema kitu. Alitikisa kichwa mara moja akaendelea kupepeta mchele.

Basi tukaichukua pumzi ya asubuhi, tukaiweka Ngamiani, hapahapa Tanga mjini. Gari hulala uani kwa tajiri, na mama mzazi wa tajiri huamka kabla ya adhana. Tajiri alinunua kipimo kidogo cha mkononi. Ufunguo ukatundikwa msumarini chumbani kwa mama. Hata katika miezi ambayo leseni imefungiwa, Suka alipaswa kufika saa kumi na moja na nusu na kupuliza, kisha anaelekea kwenye kufagia kwake au kwa fundi wa pancha alikopata kibarua. Mama anaandika namba kwenye daftari la mistari, na mwisho wa wiki daftari linakuja kwa afisa probesheni. Hospitali alikwenda kila mwezi.

Kikundi kilitushinda mwanzoni. Nilimpeleka kwenye mkutano ambako kila mtu husimama na kusema yeye ni mlevi. Utaratibu huo ulianzia Marekani mwaka 1935 na umewaokoa wengi. Suka alikaa dakika kumi akatoka nje. "Siwezi kusimama nijitangaze, Dada. Nina mabinti." Nikaudhika, halafu nikaelewa. Mtu anayeweza kujitangaza hadharani ni mtu ambaye mji wake utamsamehe kwa kujitangaza. Yule kijana wa soba aliyekataa kumpokea ndiye aliyetoa wazo: watu wanne, barazani kwake, baada ya swala ya alasiri, kahawa na kashata, bila mtu kusimama. Wanazungumza magari, hesabu za tajiri, mpira, na katikati mmoja anasema jana ilikuwa ngumu. Wanaendelea hadi sasa. Wawili kati yao ni madereva walioiona ile karatasi ya penseli.

Hata hivyo, kama mtu angeniuliza ni kitu gani kimemsimamisha Suka, nisingetaja kipimo kwanza. Ningetaja hesabu. Kwa asiyejua biashara hii: dereva anatakiwa kumpelekea tajiri kiasi kilichokubaliwa kila jioni, gari lijaze lisijaze, na kinachobaki ndicho chake na konda. Ili kibaki kitu, Suka alikuwa anaanza saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuliacha gari saa tatu usiku. Mwili unashuka kwenye kiti bado unaendesha. Ukifumba macho unaona barabara. Pombe ilikuwa inauzima huo mwili ili ulale, na alfajiri inauwasha. Nilipomweleza tajiri hili alikasirika, akaniambia nimekuja kumfundisha kazi. Wiki mbili baadaye aliita konda na Suka, wakapanga madereva wawili kwa gari moja, kubadilishana saa saba mchana, na hesabu ikagawanywa. Mapato ya Suka yalipungua. Mkewe akaanza kuuza vitumbua asubuhi kuziba pengo. Wanaoandika mipango ya marekebisho wakamwangalia mnywaji peke yake, bila kuangalia zamu yake na mfuko wake, wanamrudisha kwenye kitanda kilekile kinachomkatalia usingizi.

Leseni ilirudi baada ya miezi sita. Mwezi wa nane, baada ya arobaini ya kaka yake, mama alisoma 0.03 kwenye kipimo. Chini ya ukomo wa sheria, ndiyo, lakini sharti letu lilikuwa sifuri. Mama hakupiga kelele. Aliurudisha ufunguo msumarini, akamwambia konda atafute deiwaka, dereva wa kushikia siku hiyo, na akampa Suka uji akae naye jikoni. Saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshapigiwa simu, saa nne alikuwa hospitali, kwa sababu safari hii kila mtu alijua kwamba swali la kwanza si "kwa nini umekunywa" bali "umekunywa siku ngapi, na unatetemeka?" Ilikuwa siku moja. Jumamosi alirudi barabarani.

Kwenye ripoti zangu sasa swali la sita linatangulia yote, nalo naliuliza kwa sheikh, kwa mwalimu, kwa kijana wa bodaboda, kwa sauti ileile ninayowaulizia umri. Mwaka huu wapo ambao jibu lao lilikuwa hapana, na kwao nilipendekeza kufagia, karatasi ya hesabu na leseni kufungiwa, basi. Wapo wawili walionyamaza. Hao nilikwenda nao hospitali kabla ya mahakama.

Mwaka wa uangalizi wa Suka umekwisha mwezi uliopita. Kisheria hakuna anayeweza kumdai pumzi yake tena, na tajiri alikuwa tayari kumkabidhi ufunguo akae nao nyumbani. Suka alikataa, akaomba ubaki msumarini. Wiki hii kipimo kimeanza kusoma ovyo na nimekituma Dar es Salaam kwa basi kikarekebishwe. Mpaka kirudi, mama anamsimamisha mlangoni alfajiri taa ikiwa imewashwa, anamtazama mikono kwanza, kisha anamsogelea uso kwa uso na kumwambia: "Pumua, mwanangu."